Kuupima Mvinyo Mwekundu wa Bourgogne Ungali Mchanga

Mvinyo mwekundu wa daraja la juu unaotoka Bourgogne, eneo la mashariki mwa Ufaransa ambalo wengi hulifahamu kwa jina la Burgundy, huuzwa kwa bei kubwa miaka mingi kabla haujafikia hali iliyokusudiwa na aliyeutengeneza, na kwa sababu hiyo kuuonja ungali mchanga ni kazi tofauti kabisa na kuunywa mezani. Anayeunywa mezani hujiuliza kama unampendeza; anayeutathmini hujiuliza kama vitu vilivyomo vimekaa katika uwiano utakaouwezesha kudumu na kubadilika kwa miaka 10, 20 au zaidi, na swali hilo la pili halijibiwi kwa kufuata raha ya siku hiyo. Hata msomaji asiyegusa kileo kwa sababu ya imani yake, na wasomaji wa namna hiyo ni wengi katika upwa wa Afrika Mashariki, anaweza kuifuatilia kazi hii kama elimu ya hisi za binadamu, kwa kuwa waonjaji wenyewe wawapo kazini hutema karibu kila wanachokitia kinywani.

Eneo linalohusika ni dogo. Mteremko uitwao Côte d'Or huanzia karibu na mji wa Dijon na kuelekea kusini kwa kilomita 50 hivi, sehemu yake kubwa ikitazama upande wa mawio ya jua. Nusu yake ya kaskazini, Côte de Nuits, ina vijiji maarufu zaidi kwa mvinyo mwekundu, vikiwemo Gevrey-Chambertin, Chambolle-Musigny na Vosne-Romanée, na nusu ya kusini, Côte de Beaune, ina Volnay na Pommard. Watawa Wasitoo, ambao abasia yao ya kwanza ilianzishwa Cîteaux mwaka 1098, walikuwa miongoni mwa waliolima mizabibu hapa kwa karne nyingi, na katika muda huo wote wakulima walizoea kutofautisha vipande vya ardhi kimoja kimoja kwa jina, kwa mpaka na kwa tabia ya mvinyo uliotoka humo. Vipande hivyo wenyeji huviita climats, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza 1,247 katika orodha ya urithi wa dunia. Sheria za karne ya 20 ziliipanga ardhi hiyo katika ngazi nne: mvinyo wa eneo zima, mvinyo wa kijiji, Premier Cru, na juu kabisa Grand Cru, ambayo haifiki asilimia 2 ya mvinyo wote wa Bourgogne.

Ngazi hizo, hata hivyo, zinaipa cheo ardhi, wala hazimhakikishii mnunuzi kilichomo ndani ya chupa. Mfano ulio wazi zaidi ni Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi ambalo Wasitoo walilizungushia ukuta wa mawe, na ambalo tangu lilipoanza kugawanywa mwaka 1889 limepasuliwa mpaka leo lina wamiliki wapatao 80. Shamba lote ni Grand Cru, kuanzia sehemu ya juu yenye udongo mwepesi wa chokaa unaopitisha maji vizuri, hadi sehemu ya chini kando ya barabara kuu ambako udongo ni mzito na maji hutuama. Zaidi ya hapo, wamiliki hao 80 hawapogoi, hawavuni wala hawachachushi kwa namna moja. Lebo itasomeka vilevile kwa mwenye bidii na kwa mvivu. Kama cheo cha ardhi kingetosha, kusingekuwa na haja ya kuonja.

Karibu mvinyo wote mwekundu wa mteremko huu hutengenezwa kwa aina moja ya zabibu, Pinot Noir, ambayo mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliipigania kwa kuamuru mizabibu ya aina nyingine iitwayo Gamay ing'olewe. Pinot Noir ina ganda jembamba na haina rangi nyingi, jambo linalowapotosha wanaoanza, kwa sababu jicho hupenda kuamini kwamba mvinyo mzito wa rangi ndio mvinyo mzito wa sifa. Katika Bourgogne kanuni hiyo haishiki hata kidogo: mvinyo bora wa Chambolle unaweza kuwa mwepesi kiasi cha kuruhusu maandishi kusomeka kupitia kwenye glasi. Mwonjaji anayeinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe hutafuta mambo machache tu, yaani uhai wa wekundu wenyewe, kivuli cha zambarau pembezoni kinachoashiria ujana, na dalili ya rangi ya matofali ambayo katika mvinyo wa miaka miwili ingekuwa habari mbaya. Ukungu kidogo si kasoro, kwa kuwa watengenezaji wengi hawachuji. Na michirizi inayoteremka kwenye kuta za glasi baada ya kuizungusha, ambayo wageni huitazama kwa heshima kubwa, haisemi lolote zaidi ya kwamba mna alkoholi ya kutosha.

Nguvu ya jicho juu ya pua iliwahi kuonyeshwa kwa namna isiyosahaulika. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa msamiati uleule wanaoutumia kwa mvinyo mwekundu. Wanafunzi hao hawakuwa wajinga. Ubongo wao ulifanya kile ambacho ubongo wa kila mtu hufanya, yaani kuikamilisha harufu kwa msaada wa macho na matarajio. Jina kubwa kwenye lebo hufanya kazi kama ile rangi, na pengine kwa ukali zaidi, ndiyo maana tathmini ya haki huhitaji chupa zifunikwe na mpangilio wake usijulikane na anayeonja.

Kabla ya kufikia harufu yenyewe, mwonjaji hupaswa kujua mwaka wa mavuno. Tofauti na Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mzabibu wa Bourgogne hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu, hivyo kila chupa hubeba hali ya hewa ya msimu mmoja usio na mbadala. Aprili 2021 jalidi, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, iliua machipukizi mengi, na mavuno ya mwaka huo yakawa haba na mvinyo wake mwepesi wenye uchachu ulio wazi. Miaka ya 2018, 2019 na 2020 ilikuwa ya joto na ukavu, na zabibu ziliiva kwa sukari nyingi. Kumbukumbu za tarehe za mavuno za mji wa Beaune, ambazo watafiti wamezikusanya kuanzia mwaka 1354, zinaonyesha kwamba tangu 1988 mavuno huanza kwa wastani siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa katika karne zote zilizotangulia. Desturi ya zamani ya kuongeza sukari kabla ya uchachushaji ili kupandisha alkoholi inazidi kukosa sababu, na wasiwasi wa mwonjaji umegeuka: zamani alichunguza kama zabibu ziliiva vya kutosha, leo huchunguza mara nyingi zaidi kama ziliiva kupita kiasi.

Wakati wa kuonja nao una uzito wake. Baada ya zabibu kuchachuka, mvinyo huwekwa katika mapipa ya mti wa mwaloni yenye ujazo wa lita 228, kwa kawaida kwa miezi 12 hadi 18, na humo ndani bakteria huigeuza asidi kali ya maliki, ambayo ndiyo asidi ya matufaha mabichi, kuwa asidi laini ya laktiki, ambayo ni asidi ya maziwa yaliyoganda. Anayeonja mabadiliko hayo yakiendelea hukutana na mvinyo wenye gesi, ukungu na harufu zisizo zake, na hukumu yoyote ya wakati huo haina msingi. Vivyo hivyo kwa mvinyo uliotoka kuhamishwa pipa au kutiwa chupani majuma machache yaliyopita, ambao mara nyingi huwa umefifia kama kwamba umepoteza nusu ya harufu yake, kisha hurejea baada ya miezi. Wafanyabiashara na waandishi wengi huonja katika maghala ya chini ya ardhi mwezi Novemba wa mwaka unaofuata mavuno, mtengenezaji akiuvuta mvinyo kutoka pipani kwa mrija wa kioo, au London mwezi Januari, ambako waagizaji hukusanya sampuli za mvinyo wenye umri wa miezi 15 hivi. Ghala lina nyuzi 10 hadi 12 za sentigredi, na katika baridi hiyo ukakasi huonekana mkali kuliko ulivyo na harufu hujificha. Nyuzi 15 au 16 ndizo zinazofaa, kiwango ambacho Dar es Salaam au Muscat hakipatikani bila friji.

Glasi inayofaa ina tumbo pana na mdomo uliobanwa, na mvinyo hutiwa usizidi theluthi moja. Harufu ya kwanza huvutwa kabla ya kuizungusha glasi, kwa sababu vitu vyepesi zaidi, vikiwemo vya kasoro, huruka mapema. Harufu ya maboksi yaliyolowana hutoka kwa kemikali iitwayo trikloroanisoli, inayozaliwa katika vizibo vya magamba ya miti na ambayo pua huitambua hata ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Chupa ya namna hiyo haina dawa. Harufu ya siki au rangi ya kucha huashiria bakteria walioachiwa nafasi. Harufu ya zizi la farasi hutoka kwa aina ya hamira iitwayo Brettanomyces, ambayo zamani wapenzi wengi wa Bourgogne waliitetea wakidai kuwa ndiyo harufu ya udongo wake, dai ambalo halisimami, maana hamira hiyohiyo hutoa harufu hiyohiyo katika nchi yoyote. Harufu ya kiberiti kilichowashwa au mayai ya kuchemsha, kwa upande mwingine, hutokana na misombo ya salfa inayojikusanya mvinyo unapokosa hewa, na katika mvinyo mchanga ni ya kusamehewa, kwani mara nyingi hutoweka ukiachwa wazi kwa nusu saa.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho harufu ya mvinyo wenyewe. Waonjaji wa Ulaya huitaja kwa matunda waliyokua nayo, kama vile cheri, rasiberi na stroberi, na kwa maua ya waridi na urujuani. Msomaji wa Tanga au Bujumbura hana deni la kuyakariri, kwa kuwa orodha ndefu ya matunda ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya tathmini yoyote iliyoandikwa. La maana ni kama harufu ya tunda ni mbichi, mbivu au iliyopikwa kama jemu, kama iko wazi au imechanganyikana, na kama inabadilika kila glasi inaporudiwa. Mvinyo unaosema jambo lilelile mara tano ni mvinyo mdogo, hata kama jambo lenyewe linapendeza.

Kazi ngumu zaidi hufanyika kinywani, na hapo ndipo mvinyo mchanga huwakosesha watu wengi subira. Kinachowakera huwa tanini, yaani misombo inayotoka katika ganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Tanini haina ladha kubwa yenyewe. Hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini za mate, na mate yakishapoteza protini hizo hupoteza utelezi, ndipo ulimi na fizi zinapohisi ule ukakasi ambao kila mtoto aliyewahi kula zambarau zisizoiva vizuri anaujua. Swali la mwonjaji si kama ukakasi upo, maana mvinyo wa kudumu hauwezi kukosa tanini, bali ni wa aina gani. Tanini iliyoiva huenea kinywani kwa usawa, kama unga laini uliotandazwa. Isiyoiva, ambayo mara nyingi hutoka katika mbegu zilizokamuliwa kwa nguvu mno, huwa na uchungu, hukwaruza sehemu moja, hasa fizi za mbele, na hubaki baada ya tunda kuondoka. Kadiri miaka inavyopita tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi ya zabibu, zikawa minyororo mirefu ambayo kinywa huiona laini na ambayo hatimaye sehemu yake huzama chini ya chupa kama mashapo. Lakini uchungu wa kutoiva hauna hakika ya kufuata njia hiyo, na mnunuzi anayeambiwa kwamba muda utaponya kila kitu anadanganywa.

Nguzo ya pili ni asidi, ambayo hujulikana kwa namna inavyoyafanya mate yabubujike pembeni mwa ulimi muda mfupi baada ya kutema. Katika Bourgogne asidi ina thamani kuliko tanini, kwa sababu Pinot Noir ina tanini chache ikilinganishwa na zabibu nyingi za Bordeaux, na ni uchachu huo unaoubeba mvinyo katika uzee. Alkoholi, ambayo siku hizi mara nyingi huwa kati ya asilimia 12.5 na 14, huhisiwa kama joto kooni, na joto hilo likitokeza peke yake ni dalili kwamba vitu vingine havina uzito wa kulifunika. Mwonjaji huuzungusha mvinyo kinywani huku akivuta hewa kidogo kupitia midomo, si kwa kujionyesha, bali kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo, na hewa huisukuma huko. Baada ya glasi nyingi protini za mate hupungua na kila mvinyo huonekana mkali kuliko uliotangulia, jambo linalofanya sampuli ya 30 ya asubuhi ihukumiwe kwa dhuluma isipokuwa pamekuwepo maji, mkate na mapumziko.

Kati ya vitu vyote vinavyoweza kumdanganya mwonjaji wa mvinyo mchanga, pipa jipya ndilo lenye hila zaidi. Mbao za mwaloni huchomwa kwa moto wakati pipa linapoundwa, na mchomo huo huzalisha vanilini, yenye harufu ya vanila, na eujenoli, ambayo ndiyo kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba na Unguja harufu yake. Hivyo anayesema kwamba ananusa karafuu katika mvinyo wa Bourgogne hasemi kwa mafumbo. Manukato hayo hupendeza mapema na huuza mvinyo haraka, lakini ni ya mti, si ya shamba, na yakiondolewa kwa mawazo ni lazima pabaki kitu. Mvinyo wenye kiini huyameza katika miaka michache. Mwembamba hubaki nayo hadi mwisho, tunda likiwa limekwisha. Suala la vikonyo ni gumu vilevile. Henri Jayer wa Vosne-Romanée, mtengenezaji aliyeheshimiwa sana na aliyefariki mwaka 2006, alivitoa vyote kabla ya uchachushaji, ilhali jirani zake wa Domaine de la Romanée-Conti wanajulikana kwa kuchachusha vishada vizima, na pande zote mbili zimetoa mivinyo isiyo na mfano. Vikonyo vilivyoiva huongeza harufu ya maua na viungo huku vikipunguza kidogo rangi na uchachu. Vibichi huleta uchungu wa majani. Mwonjaji hahitaji kuwa na chama katika ubishi huu, anahitaji kutambua tu kama vikonyo vimekuwa sehemu ya mvinyo au vimesimama kando yake.

Kipimo kinachodanganya kwa nadra kuliko vyote ni urefu, yaani muda ambao ladha hudumu baada ya mvinyo kutemwa. Wafaransa wana kipimo chake maalumu, caudalie, ambacho ni sawa na sekunde moja, na mtu yeyote mwenye saa anaweza kukitumia. Kinachohesabiwa ni tunda na manukato, si ukakasi wala joto la alkoholi, ambavyo vinaweza kudumu kwa muda mrefu hata katika mvinyo duni. Mvinyo wa kawaida huisha katika sekunde chache; ule wenye mustakabali huendelea kupita sekunde 10 na mara nyingine hurudi na harufu ambayo haikusikika mwanzoni. Sifa hii haifichwi na ujana: mvinyo bora unaweza kuwa umefungika puani na mkali kwenye fizi, lakini urefu wake utakuwepo tangu pipani, na ule usiokuwa nao haujawahi kuupata kwa kusubiri.

Kutokana na hayo yote, alama za mvinyo uliopimwa pipani, ziwe chini ya mfumo wa 20 uliozoeleka Ulaya au ule wa 100 uliosambazwa na Mmarekani Robert Parker, zisomwe kama makadirio, na mwandishi anayetoa alama mbili za mpaka, ya chini na ya juu, ni mkweli kuliko anayetoa moja. Muda wa kusubiri unategemea ngazi, mwaka na mkono wa mtengenezaji: mvinyo wa kijiji kwa kawaida huwa tayari kati ya mwaka wa tatu na wa nane, Premier Cru nzuri huomba miaka 7 hadi 15, na Grand Cru ya mwaka wenye nguvu haipaswi kuguswa kabla ya miaka 10. Katikati ya safari hiyo wengi hupitia kipindi cha kufungika, miaka kadhaa baada ya kutiwa chupani, ambamo mvinyo uliokuwa mchangamfu hunyamaza, na aliyeununua akiufungua wakati huo ataona kama ameibiwa. Kwa mwenye fedha za chupa moja tu, ushauri ni mfupi: Premier Cru ya Volnay au ya kijiji cha Savigny-lès-Beaune iliyotoka kwa mtengenezaji makini ni ununuzi wa busara kuliko Grand Cru ya Clos de Vougeot ambayo hakuna aliyeionja kwa niaba yake.